Uzi Usiopigwa Fundo

Wenzangu mnaobaki kazini, siku mliponiaga mlinipa blanketi. Ni blanketi zuri, zito, la dukani, na aliyelichagua hakufikiri anamchagulia nani. Mtu amefundisha wanawake kushona vya kujifunikia tangu akiwa msichana, halafu anaagwa kwa blanketi la kiwandani. Sikuchukia. Nililipokea kwa mikono miwili nikasema ahsante, nikalifikisha nyumbani likiwa ndani ya nailoni yake, na humo ndimo lilimo hadi leo.

Mmoja wenu aliniomba niandike kazi hii ilivyoanza. Nitaandika. Vyeo na mishahara sitavigusa, maana vyeo vilichelewa kuja na mishahara iliwahi kuondoka. Nitaandika juu ya kikundi cha kwanza cha kushona mifarishi hapa Mtwara, na juu ya mwanamke mmoja aliyeitwa Binti Chande. Asiyependa habari za msiba aishie hapa, hatanikosea.

Nilianza miaka michache kabla bandari haijafunguliwa. Mtwara ya wakati huo ilikuwa vumbi, matrekta, na watu waliotoka kila upande kufuata kazi ya gati na ya reli ya mradi wa karanga wa Wazungu. Mimi ni mtu wa Mikindani. Baba alinipeleka shule majirani wakimwuliza kama ana akili timamu, na nilipomaliza hakujua anifanye nini. Akatokea memsahibu mmoja aliyepewa na serikali kazi ya kuwaendeleza wanawake. Alikuwa anatafuta msichana anayejua kusoma, anayejua kushona, na anayeweza kuwanyamazisha wanawake wenzake. Mawili ya kwanza niliyaweza. La tatu sijaliweza mpaka leo.

Siku ya kwanza alinikabidhi sanduku la bati. Ndani mlikuwa na sindano zilizochomekwa kwenye kipande cha flana, mikasi, subana chache za kukinga kidole, donge la nta la kupakia uzi, na kipande cha bati kilichokatwa mraba, kingo zake zimesuguliwa zisikate mkono. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chetu. Unakilaza juu ya kitambaa, unakizungushia mkaa, unakata, na kila mtu anapata vipande vya ukubwa mmoja. Baadaye nimeletewa vipimo vya plastiki vyenye namba na mistari, na vyote vimepinda kwa joto. Lile bati halikupinda.

Memsahibu alinieleza kwamba kwao wanawake hukusanya nguo kuukuu, wakakata vipande, wakaviunga vikawa shuka; chini yake huweka kitambaa kizima, katikati hutia kitu cha joto, kisha tabaka zote hushonwa pamoja. Nikamwambia huo kwetu ni mfarishi, ila wa kwetu ni wa wenye nacho, hutandikwa nyumba ikiwa na bibi harusi. Akasema basi huu utakuwa mfarishi wa wasio nacho. Hapo aliwaza vizuri. Kipupwe kikiingia, upepo wa alfajiri pale Shangani huwakamata watoto vifua, na blanketi lilikuwa kitu cha mtu aliyepata kazi gatini. Kitambaa cha chini tulikipata kwenye mifuko ya unga iliyofuliwa mpaka maandishi yakafifia. Joto tulilipata kwenye sufi, maana misufi ilikuwa tele vijijini na hakuna aliyeijali.

Tulikutana Chuno, katika banda la mabati lililoachwa na mafundi wa bandari. Wanawake walitoka Chuno penyewe, Magomeni, na wengine kwenye mashamba ya mikorosho nje ya mji. Wote walikuwa wanaoanza. Wengi hawakuja kushona, walikuja kuangalia nani amekuja. Tulianza kwa kuchambua sufi, kazi ambayo haitaki ujuzi ila inataka uvumilivu wa pua, na wakati huo nilijifunza majina yao. Alikuwepo Nambwana, Mmakonde aliyemfuata mumewe kwenye kazi ya gati. Siku yake ya kwanza alishona kwa bidii hata hakuinua kichwa, na alipotaka kuondoka akakuta ameunganisha vipande vyake na kanga aliyovaa. Akasema, "Mwalimu, kikundi kimenishika, siondoki tena." Walicheka mpaka wakalia. Mimi ndiye niliyepiga magoti kumfumua.

Mnaofundisha wanaoanza, shikeni mambo mawili. Kwanza, msimpe mtu uzi mrefu. Uzi mrefu ni uvivu wa kutunga sindano, na hujisokota wenyewe. Pili, fundo. Mtu ajifunze kulipiga kabla hajajifunza kitu kingine chochote: alowanishe ncha ya kidole, azungushe uzi, ausugue, auvute. Nilikuwa nawaambia mshono usio na fundo ni ahadi ya mlevi. Nililisema mara nyingi hata wakawa wananikatiza na kunimalizia.

Jambo la tatu halikuwa langu, lilikuwa la memsahibu. Kwao, alisema, wanawake wakikutana kushona humwaga vipande vyao katika kapu moja, kila mtu akachagua rangi anayoitaka, na hivyo kila mfarishi unakuwa na kitu cha kila mtu. Alilipenda sana jambo hilo. Wanawake nao walilipenda, kwa sababu mwenye kaniki tupu aliweza kupata kipande cha kanga nyekundu bila kuomba. Likawekwa kapu kubwa la ukili katikati ya banda, likawa ndio kikundi chenyewe.

Binti Chande alikuja tukiwa tumeshazoeana. Alikuwa mtu mzima wa makamo ya bibi yangu, mwembamba, aliyejifunga kanga nzuri kuliko zetu sote. Aliposogea mkekani, wanawake walisogea upande wa pili. Hakuna aliyesema neno baya. Walimsalimia shikamoo kwa adabu, wakamwuliza hali, wakampisha. Ila walimpisha pakubwa mno. Nikadhani ni heshima.

Nikampa sindano na vipande. Sijapata kuona mkono kama ule. Bandi yake, ule mshono wa kupitisha sindano juu na chini, ilikuwa ndogo, sawasawa, imenyooka bila mstari wa kufuata. Niliinua kazi yake niwaonyeshe wengine, na nilipoushika uzi mshono wote ukatoka mkononi mwangu, vipande vikaanguka chini kila kimoja peke yake. Hakuwa amepiga fundo mwanzo wala mwisho. Nikasema lile neno langu la ahadi ya mlevi. Safari hii hakuna aliyenimalizia. Binti Chande akaokota vipande vyake akaanza upya, bila fundo.

Tulipokuwa tunarudi Nambwana akanivuta pembeni. "Mwalimu, yule nang'olo ndiye anayeosha," akasema, akimwita mzee kwa Kimakonde kama alivyowaita wazee wote. Hapo nikaelewa. Binti Chande alikuwa mwosha wa maiti za wanawake, kuanzia Magomeni mpaka Shangani, na sanda zao ndiye aliyezishona. Ninyi wengi mmekuta sanda zikiwa zimeshonwa na wengine, hamjawahi kuuliza. Bafta haikatwi kwa mkasi, huchanwa. Uzi wake huchomolewa humo humo katika bafta. Na hushonwa bila fundo, kwa sababu mtu asiende kwa Mola wake amefungwa. Hata vile vitambaa vinavyofungia sanda hufunguliwa kaburini. Mkono wa Binti Chande haukujua kushona namna nyingine.

Nilimwendea nyumbani kwake Magomeni, nia yangu ikiwa kumwambia kwa upole kwamba kikundi hakimfai. Sikulisema. Alikuwa na mjukuu, Salima, mtoto wa marehemu binti yake, na katika ukoo wote alikuwa amebakiwa na huyo tu. Salima alikuwa ameposwa na kijana wa Lindi, na harusi ilikuwa baada ya mavuno. Bibi yake alitaka kumshonea mfarishi wa kutandika. Nikamwuliza kwa nini asimpe fundi wa cherehani amshonee. Akaniangalia, akasema:

"Mwanangu, kila nilichokishona kimezikwa. Nataka kimoja kibaki juu ya ardhi, akilalie mtu mzima wa afya. Kimoja tu, kisha nirudi kwenye kazi yangu."

Nikamwambia kesho aje mapema.

Kumfundisha fundo kulikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya, na nimefundisha watu wenye vidole vitatu. Akili yake ilielewa. Mkono ulikataa. Angezungusha uzi kidoleni kama nilivyomwonyesha, na pale pa kuvuta vidole vingeachia. Mwishowe tukapatana kwamba yeye ashone, na akifika mwanzo au mwisho wa uzi anisogezee mimi nimfungie. Ikawa hivyo majuma mengi. Alikuwa na maneno makavu. Nikilalamika kwamba mshono wake utafumuka, husema, "Niliowashonea hakuna aliyerudi kulalamika." Mimi tu ndiye niliyecheka. Wengine walitazama kazi zao, na mmoja akanong'ona kwamba mwosha naye huoshwa. Binti Chande alisikia. Akamjibu kwamba ndiyo, na kwamba amekuwa akijiuliza na nani.

Halafu karanga zikakataa. Mtasikia mengi juu ya mradi ule, na mimi nayajua machache: mvua haikuja ilipotakiwa, matrekta yakalala, na Wazungu wakaanza kufunga masanduku. Memsahibu wetu aliondoka pamoja nao. Aliniachia sanduku la bati, kapu, na maneno mazuri. Ofisi ikaniambia niendelee kwa kutumia vilivyopo. Vilivyopo vilikuwa mimi. Kapu lilikuwa limekwisha vipande, na wanaume wengi walikuwa wamepoteza kazi, kwa hiyo nguo kuukuu zilirudi kuwa nguo za kuvaa. Nikawaambia wanawake kila mmoja akachungulie masandukuni mwake, alete nguo ambazo mwenyewe hazivai tena.

Wiki iliyofuata kapu lilijaa. Sikuuliza lilivyojaa, nilishukuru tu. Palikuwa na vipande vilivyokatwa tayari kwa kipimo cha bati, vizuri, vya kanga ambazo rangi zake zilikuwa bado zimekoza. Wanawake wakavigombania kwa furaha. Nambwana akapata kipande cha rangi ya manjano akakibusu. Waliunga siku kadhaa, na kila niliyemwona ameinama alikuwa na kimojawapo mkononi.

Siku moja Esha alikuwa amekaa karibu na mlango. Esha ni mama wa Shangani, mke wa muuza duka, mtu wa sauti ndogo, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amefiwa na binti yake Rukia, yeye na mtoto tumboni. Alikuja kikundini kwa sababu mumewe alimwambia akakae na watu. Alitia mkono kapuni, akatoa kipande cha kanga ya zambarau, akakinyoosha gotini. Kisha hakushona. Nilipomfikia nilimwona anapapasa alama ya kuungua, ndogo, iliyokuwa imetiwa kiraka cha nyuzi. Alama ya pasi ya mkaa. Ile pasi aliishika mwenyewe, na kile kiraka alikitia mwenyewe, siku moja kabla Rukia hajakwenda kwa mumewe.

Akauliza, "Nani ameleta hiki?"

Binti Chande akasema, "Mimi."

Mila mnaijua, ingawa siku hizi mnaisema kwa kuficha. Nguo za marehemu ni haki ya aliyemwosha. Hapewi ujira, hupewa nguo. Karibu kila mwanamke mle bandani aliwahi kukunja nguo za mama yake au dada yake na kumkabidhi Binti Chande mlangoni, kisha akajitahidi asizione tena. Sasa zilikuwa mikononi mwao, zimekatwa miraba, zimeungwa na za watu wengine, zinangoja kutandikwa vitandani mwa watoto. Kila mmoja akageuza kazi yake akaitazama. Sikusikia makelele. Nilisikia mikasi. Walifumua walichoshona siku zote zile, wakaviacha vipande mkekani, wakatoka mmoja mmoja. Nambwana aliondoka wa mwisho, akiwa ameacha mfarishi mzima. Esha aliondoka na kile kipande ngumini.

Tukabaki wawili. Nilikuwa na hasira, na sikujua ni ya nani. Nikamwuliza Binti Chande ilikuwaje asifikiri. Alikuwa anaokota vipande anavipanga kwa rangi.

"Ulisema tulete nguo tusizovaa," akasema. "Mimi sina nguo nyingine. Zangu zote ni zao. Hata hii niliyoivaa ni ya mtu. Wote wanajua, wananiona nayo kila siku, hakuna aliyesema kitu. Nikadhani wameridhia."

Nikapiga magoti nikaanza kuokota naye.

Kikundi kikafa. Ofisini niliwaambia vitambaa vimeadimika, nayo haikuwa uongo. Nikaendelea kufungua banda kwa sababu ufunguo ulikuwa wangu, na Binti Chande akaendelea kuja kwa sababu harusi ilikuwa inakaribia. Siku hizo ndizo nilizompenda. Tulishona wawili chini ya bati lililokuwa likilia kwa joto, tukajaza sufi, tukapitisha bandi katika tabaka zote. Na katika siku hizo mkono wake ukakubali. Sijui ni lini hasa. Nilisubiri anisogezee uzi, hakunisogezea. Nilipoangalia nikakuta fundo limekaa mahali pake, dogo, limebana. Alikuwa anatazama nje. Nami nikajifanya sikuona. Mafundo ya nusu ya kwanza ya mfarishi ule ni yangu, ya nusu ya pili ni yake.

Ulikuwa mfarishi mzuri. Nimeona mifarishi mingi tangu hapo, mingine imepewa zawadi katika maonyesho, na hakuna uliofikia ule. Vipande vyote vilikuwa vya wale wanawake, na Binti Chande alivijua. Aliweza kuweka kidole juu ya mraba akataja jina, na mtu alivyokuwa akipenda kucheka. Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, wanasema watu. Yeye aibu hakuitaja hata mara moja. Alitaja mazuri tu.

Habari zilifika Lindi kabla ya sisi kumaliza. Siku chache kabla ya harusi akaja shangazi wa bwana harusi, mwanamke mwenye heshima zake, akakaa barazani kwa Binti Chande, akanywa chai, akasifu nyumba. Kisha akasema kwamba wao ni watu wa dini na hawana dhana mbaya, lakini mfarishi ule usiingie nyumbani kwao. Alisema kwa upole, na kwa sababu ya upole huo hapakuwa na pa kumshika. Salima alikuwa ndani anasikia. Binti Chande akasema amesikia, akamwongezea mgeni chai. Harusi ikafanyika, nzuri, ya kicheko na vigelegele. Salima akapanda lori la Lindi na sanduku lake na mikeka yake, macho yamevimba, na watu wakasema ndivyo bibi harusi anavyotakiwa kulia.

Mfarishi ukabaki juu ya kitanda cha Binti Chande, umekunjwa. Alisema hawezi kuulalia. Si wake, ni wa Salima.

Kipupwe kilipoingia tena, Esha akatokea mlangoni pa banda. Nilikuwa peke yangu na Binti Chande. Hakutoa salamu ndefu. Akafungua ncha ya kanga yake, akatoa kile kipande cha zambarau, kimelegea kwa kushikwashikwa.

"Nikikaa nacho peke yake kinanila," akasema. "Kishoneni na wenzake."

Binti Chande akaenda kuuleta mfarishi. Akafumua mraba mmoja karibu na katikati, akatandaza cha Rukia mahali pake, akampa Esha sindano. Esha alishona vibaya, machozi yakimzuia kuona, na Binti Chande hakumsahihisha. Alipofika mwisho alipiga fundo, kubwa, baya, kama nilivyowafundisha siku ya kwanza. Lipo mpaka leo. Ukipitisha kiganja unalikuta.

Esha akarudi wiki iliyofuata, na baada yake Nambwana, na wengine kidogo kidogo. Kapu la pamoja hatukulirudisha. Tangu hapo kila mtu alikuja na mfuko wake akaondoka na mfuko wake, na ndiyo sababu mkaikuta kanuni hiyo katika vikundi vyetu vyote, nanyi mkadhani ni kwa ajili ya wizi. Nisingependa mseme kwamba walimkubali Binti Chande. Walimzoea. Waliendelea kumpisha pakubwa. Esha pekee ndiye aliyekaa karibu naye, na hata yeye aliacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

Alikufa wakati wa masika, kwa homa ambayo hakuiita homa mpaka ilipomlaza. Barabara ya Lindi ilikuwa tope, Salima asingewahi. Na hapo ndipo mtaa mzima ulipogundua jambo ambalo ulikuwa na miaka yote ya kuligundua: hapakuwa na mtu wa kumwosha. Hakuna aliyetaka kujifunza kwake, na hakuna mama aliyetaka bintiye akajifunze. Wakatuma mtu Mikindani akaja na kikongwe mmoja, mwosha wa zamani. Mikono yake ilikuwa bado inajua kazi, lakini macho yalikuwa yamekwisha. Kuosha aliweza, nikimmiminia maji. Sanda hakuweza. Akauliza kama kuna mshonaji.

Wanawake wa kikundi walikuwa wamejaa uani, wote niliwafundisha mimi. Wakanitazama.

Nilichana bafta. Nilichomoa uzi humo humo, kama nilivyomsikia marehemu akieleza. Nilitunga sindano, na kabla sijaanza vidole vyangu vyenyewe vikaloa, vikazungusha, vikasugua, vikavuta. Sikujua nimefanya. Esha, aliyekuwa amenishikia kitambaa, akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Fungua, Mwalimu," akasema.

Lile fundo lilikuwa zuri, ndiyo maana lilikataa kufunguka. Nililihangaikia kwa ncha ya sindano nikilia, nililia kuliko nilivyomlilia mama yangu. Nikashona sanda nzima kwa hofu kwamba itaachia. Haikuachia. Kumbe mshono ukitulia hushika bila kufungwa, kwa muda unaohitajika.

Kikongwe wa Mikindani alipokabidhiwa nguo za marehemu, alizipokea zote isipokuwa mfarishi. Alisema nguo ni haki ya mwosha, lakini ule ni wa mshonaji. Esha akautandaza juu ya jeneza, na wanaume wakaondoka nao wakisoma. Sisi tukabaki na sufuria na watoto. Waliporudi kutoka makaburini jeneza lilikuwa tupu, na mfarishi ulikuwa umekunjwa juu yake, una matone ya mvua. Ulikuwa haujazikwa.

Salima alifika baada ya hitima. Alikaa nao mapajani muda mrefu, akapapasa mraba hadi mraba, hakujua majina. Nikamtajia niliyokumbuka. Mwisho akaukunja akanirudishia. "Wakwe zangu hawajabadilika," akasema. "Nitunzie, Mwalimu, siku moja nitaufuata." Aliishi Lindi, akazaa, akazeeka kidogo, akafa kabla yangu. Hakuufuata. Simlaumu.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingi, uhuru ukaja, ofisi ikabadilishwa jina mara kadhaa, nikaanzisha vikundi mpaka Newala na Masasi. Niliowashonea sanda mtaani kwetu pia ni wengi, maana toka siku ile wakifiwa hubisha kwangu. Hilo nalo hamkulijua. Mlidhani ninapoomba ruhusa ninakwenda kuzika kama watu wengine.

Sasa mnajua kwa nini blanketi lenu bado limo kwenye nailoni yake. Ninalalia mfarishi wa Binti Chande. Sufi imekwisha nguvu na rangi zimepauka, lakini nimeshazoea uzito wa wale wanawake, na yeye alitaka ulaliwe. Atakayeniosha achukue nguo zangu, hazina maana. Atakayenishonea sanda achukue mfarishi. Nimejaribu kufikiri atakuwa nani, nimewapitia wote kwa majina, wa ofisini na wa vikundini. Sindano mnaijua vizuri, nyote nimewashika mkono mimi mwenyewe, na nyote niliwafundisha kupiga fundo.